Kabla Hujaweka Saini kwenye Mkopo wa Nyumba

Mwezi huu sizungumzii shinikizo la damu wala chanjo za watoto. Nazungumzia kitu kilichonipandisha mimi mwenyewe shinikizo la damu, nacho ni mkopo wa nyumba.

Swali mnaloniuliza mara nyingi kuliko yote si la ugonjwa. Ni hili: "Dada, nimekaa huku miaka mitano nalipa kodi kwa mwenye nyumba. Ninunue nyumba kwa mkopo, au nijenge nyumbani?" Nimelikwepa kwa muda mrefu kwa sababu mimi ni muuguzi, si mtu wa benki. Nina stashahada ya uuguzi niliyoipata nyumbani Tanzania na shahada niliyoipata hapa Uingereza, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyonifundisha riba. Riba nimefundishwa na maisha. Acheni niwaeleze yalivyonikuta, halafu tuangalie pamoja kwa nini watu hukopa na kwa nini wengine hushindwa kulipa.

Barua ya mwezi wa Agosti

Tulinunua nyumba yetu Oktoba 2021. Nilikuwa na miaka mitano Uingereza, na mwaka huohuo tulikuwa tumepata ukaazi wa kudumu. Nyumba ilikuwa ya pauni 200,000. Tulitoa kianzio cha pauni 20,000, akiba ya miaka minne ya zamu za ziada zangu na za mume wangu, ambaye ni dereva wa basi. Pauni 180,000 zilizobaki tulikopa kwa miaka 30, kwa riba ya asilimia 2.1. Marejesho yalikuwa pauni 674 kwa mwezi. Kodi tuliyokuwa tukilipa kwenye nyumba ya kupanga ilikuwa pauni 750. Nilijiona mjanja.

Riba ile ilikuwa imefungwa kwa miaka miwili tu. Mshauri wa mikopo alitueleza kwamba tungeweza kuifunga kwa miaka mitano kwa kuongeza kidogo. Tuliona hicho kidogo ni kingi. Wakati huo riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.1, na hakuna tuliyemjua aliyekuwa na wasiwasi.

Desemba mwaka huo Benki Kuu ilianza kupandisha riba ili kupambana na mfumuko wa bei. Ilipandisha mara 14 mfululizo, mpaka Agosti 2023 ikafika asilimia 5.25. Katikati hapo, Septemba 2022, serikali ilitangaza bajeti ndogo ya kupunguza kodi bila kueleza vizuri fedha zingetoka wapi. Masoko yakashtuka, na wakopeshaji wakaondoa mikopo mingi sokoni ndani ya siku chache. Mimi nilikuwa wodini nikibadilisha dripu. Sikujua kwamba habari ile ya televisheni kwenye chumba cha wagonjwa ilikuwa inanihusu.

Agosti 2023 nilitoka zamu ya usiku nikakuta barua mezani. Ilisema kipindi cha riba iliyofungwa kinaisha mwisho wa Oktoba. Tusipochagua mpango mpya, tungehamishiwa kwenye riba ya kawaida ya mkopeshaji, ambayo kwa wakopeshaji wengi wakati ule ilikuwa zaidi ya asilimia 7. Mpango mpya tuliopewa ulikuwa wa asilimia 5.6. Deni lilikuwa limebaki pauni 171,200. Marejesho mapya yangekuwa pauni 1,010 kwa mwezi.

Kutoka 674 mpaka 1,010 ni pauni 336 zaidi kila mwezi. Nyumba ilikuwa ileile, na mshahara ulikuwa karibu uleule. Na mimi nilikuwa mjamzito wa miezi minne.

Nilichokuwa nimekificha

Wiki iliyofuata tulimpigia mshauri wa mikopo. Simu tuliiweka mezani jikoni, sauti imefunguliwa, mume wangu upande huu na mimi upande ule. Akauliza mishahara, umri wa mtoto wetu wa kwanza, gharama za chekechea. Kisha akauliza, "Mna mkopo mwingine wowote?"

Mume wangu akajibu, "Hatuna."

Nikanyamaza. Sekunde tatu hivi, lakini kwangu zilikuwa ndefu kuliko zamu nzima. Halafu nikasema, "Ninao mmoja. Mimi."

Machi 2022 nilikuwa nimekopa pauni 8,000 kwa ajili ya paa la nyumba ya mama Tanga. Fundi alisema kenchi zimeoza na mvua za masika zinakuja. Nilikopa peke yangu, kwa jina langu, kwa miaka mitano, marejesho pauni 166 kwa mwezi. Nilijiambia nitalipa kwa zamu za ziada na hakuna atakayejua. Juu ya hapo nilikuwa natuma pauni 250 kila mwezi kwa ajili ya lipu, vigae na ukuta wa uani.

Mume wangu hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, "Kumbe." Kisha akachukua funguo akaenda kumfuata mtoto chekechea, saa nzima kabla ya wakati.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maneno haya nimewaambia wagonjwa mara nyingi, wale wanaokuja na kidonda cha mguu wakati kimeshaoza. Siku ile yalinirudia mwenyewe.

Kwa nini watu hukopa

Tukiacha yangu pembeni, hebu tuone ni nini kinachowasukuma watu kwenda kuomba mkopo wa nyumba. Nimegundua sababu ni zilezile karibu kila nchi, ila uzito wake hutofautiana.

Ya kwanza ni riba yenyewe. Ikishuka, marejesho hupungua, na watu wengi zaidi hujiona wanaweza. Marekani, wastani wa riba ya mkopo wa miaka 30 ulifika asilimia 2.65 Januari 2021. Oktoba 2023 ulikuwa umekaribia asilimia 8. Mtu yuleyule mwenye mshahara uleule ambaye angepata nyumba ya vyumba vitatu mwaka 2021, miaka miwili baadaye hakuweza hata ya viwili.

Ya pili ni kipato, na zaidi ya kiasi chake, uhakika wake. Hapa Uingereza wakopeshaji wengi hukupa mpaka mara 4.5 ya mshahara wa mwaka. Mwenye pauni 30,000 anatarajia takriban 135,000. Lakini zamu za ziada, ambazo sisi wauguzi tunaziishi, baadhi ya wakopeshaji huzihesabu nusu tu. Kwao, fedha inayokuja leo na kesho isije si mshahara.

Ya tatu ni kodi ya nyumba ya kupanga. Kodi ikizidi marejesho ya mkopo, mtu huona anamjengea mwingine. Hesabu hii ni ya kweli, lakini mara nyingi haikamiliki. Mpangaji boila ikiharibika hupiga simu kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni wewe sasa.

Ya nne ni kianzio. Wengi wetu tunaweza kulipa kila mwezi, ila hatuna fungu la mwanzo. Hapa Uingereza kuna akaunti ya akiba iitwayo Lifetime ISA, ambayo mtu wa miaka 18 mpaka 39 anaweza kuifungua, akaweka mpaka pauni 4,000 kwa mwaka, na serikali ikamwongezea asilimia 25 kwa ajili ya nyumba ya kwanza isiyozidi pauni 450,000. Ukitoa fedha hiyo kwa jambo jingine kabla ya miaka 60, hukatwa asilimia 25 ya unachotoa, kwa hiyo unapoteza hata sehemu ya fedha yako mwenyewe. Marekani, mkopo wa FHA unaruhusu kianzio cha asilimia 3.5 kwa mwenye rekodi nzuri ya mikopo. Milango hii ikifunguliwa, waombaji huongezeka hata riba isipobadilika.

Ya tano ni visa. Mtu ambaye hajui kama atakuwepo nchini baada ya miaka mitatu hupaswa kufikiri mara mbili, na mkopeshaji naye humfikiria mara mbili: humdai kianzio kikubwa zaidi au muda fulani wa kuishi nchini. Huko Ghuba hali ni tofauti tena. Nchini Oman raia anaweza kwenda Benki ya Nyumba ya Oman, lakini mgeni hana uhuru wa kununua popote apendapo, na kibali chake cha kuishi kimefungamana na kazi.

Ya sita haimo kwenye fomu ya benki. Ni heshima. Kwetu sisi, mtu mzima ni mwenye kwake. Simu kutoka nyumbani zinauliza, "Bado mnapanga?" Na ukiona rafiki uliyekuja naye ndege moja ameweka picha ya funguo mtandaoni, usingizi unapaa. Hofu ya kuachwa nyuma imeuza nyumba nyingi kuliko madalali. Nami ilinisukuma, sioni aibu kusema.

Kwa nini wengine hushindwa kulipa

Hapa ndipo penye dawa chungu. Watu wachache sana hukopa wakiwa na nia ya kutolipa. Kinachowaangusha ni mambo haya, na mara nyingi huja mawili pamoja.

Riba inayobadilika. Huko Marekani mkopo wa kawaida hufungwa riba miaka 30 yote, kwa hiyo mzigo wa riba kupanda unabaki kwa mkopeshaji. Hapa Uingereza wengi hufunga miaka miwili au mitano, kisha mzigo humrudia mkopaji. Lakini hata Marekani, katika msukosuko wa 2007 na 2008, waliotangulia kuumia ni wengi wa wale waliopewa mikopo yenye riba ndogo ya kuvutia mwanzoni, iliyokuja kupanda baadaye, wakati kipato chao hakikuweza kuifuata.

Kipato kukatika. Ugonjwa, kufukuzwa kazi, talaka, kifo, hata mtoto mchanga. Mimi nilikuwa naenda kwenye likizo ya uzazi: wiki 8 za mshahara kamili, kisha wiki 18 za nusu mshahara pamoja na posho ya kisheria ya uzazi, kisha posho peke yake. Mtoto ni baraka, lakini mkopeshaji hapokei baraka.

Madeni mengine. Gari la mkopo, kadi, na ule mkopo mdogo wa siri. Kila mmoja peke yake unaonekana mwepesi. Ukivijumlisha unakuta nusu ya mshahara imeshaondoka kabla hujanunua unga.

Wategemezi walio mbali. Hili fomu za benki za huku hazilioni vizuri. Zinauliza una watoto wangapi. Haziulizi una mama mwenye kisukari, mpwa aliye sekondari na harambee za msiba. Mkopeshaji anakuhesabu kama mtu wa watu wanne. Wewe unajua ni mtu wa watu kumi na moja. Hesabu hiyo lazima uifanye mwenyewe.

Na mwisho, kianzio kidogo. Tuseme umetoa asilimia 10 kama sisi, halafu bei za nyumba zikashuka asilimia 15. Nyumba ya 200,000 sasa ni 170,000, na deni bado ni karibu 180,000. Ukiwa na kipato, utaendelea kulipa na kusubiri bei zipande. Ukipoteza kipato wakati deni limezidi thamani ya nyumba, huwezi kulipa na huwezi kuuza ukatoka salama. Ndiyo maana nasema mambo haya huua yakija mawili. Kipato kikikatika lakini nyumba ina thamani, unauza, unalia, unaanza upya. Vyote viwili vikitokea ndipo watu hunyang'anywa.

Naongeza neno kwa ndugu zangu Waislamu wanaokwepa riba. Uingereza na Ghuba kuna taratibu ambazo taasisi inanunua nyumba pamoja nawe, unalipa pango kwa sehemu yake huku ukiinunua kidogo kidogo. Ni njia nzuri kwa wenye kuitafuta. Lakini soma mkataba: katika mipango mingi pango hilo hupitiwa upya kila baada ya muda, na linaweza kupanda soko likipanda. Imani inakukinga na dhambi. Hesabu ni lazima uifanye vilevile.

Na nyumbani je?

Wengine mnasema, "Basi nitakopa nyumbani nijenge huko." Sawa. Tanzania ina sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, na tangu 2010 ipo kampuni ya TMRC inayozipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo. Kenya nao walianzisha KMRC mwaka 2018. Hata hivyo mikopo bado ni michache. Kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, mwisho wa 2023 nchi nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 50.

Sababu kubwa ni bei ya fedha. Tanzania riba ya mkopo wa nyumba kwa kawaida imekuwa kati ya asilimia 13 na 19. Chukua milioni 100 za shilingi kwa asilimia 15, miaka 20. Marejesho ni takriban 1,317,000 kwa mwezi. Mpaka unamaliza umelipa kama milioni 316. Umejenga nyumba moja, umelipia tatu.

Sababu nyingine ni hati. Benki inataka kiwanja kilichopimwa chenye hati, na viwanja vingi tunavyouziwa na ndugu havina. Tena sheria ya ardhi ya Tanzania inataka ridhaa ya mwenza kabla ya kuweka rehani nyumba ya familia. Wengine huiona kama usumbufu. Baada ya lile "Kumbe" la jikoni, mimi naiona kama busara.

Na kuna fedha za kigeni. Ukipata mshahara kwa pauni au dola na kulipa kwa shilingi, shilingi ikishuka unapumua. Lakini isizoeleke. Mwishoni mwa 2024 shilingi ya Tanzania ilipanda ghafla dhidi ya dola, na waliokuwa wamepiga bajeti ya ujenzi kwa dola walijikuta wanapungukiwa saruji katikati ya kozi.

Ndiyo maana wengi nyumbani hujenga kidogo kidogo bila mkopo: mwaka huu msingi, mwakani kuta. Inachukua miaka, lakini hakuna anayekuja kuifunga kufuli. Ubaya wake ni pale unapojenga kidogo kidogo huko huku umekopa huku kwa siri. Hapo umechukua ubaya wa njia zote mbili.

Tulivyotoka

Mume wangu alirudi jioni na mtoto na mkate. Tukala. Kisha akaleta daftari akasema, "Andika vyote." Tukaandika mpaka saa sita usiku, pamoja na fedha za kikundi cha akina mama na chakula cha mchana cha kazini.

Juni mwaka ule wakopeshaji wengi wa Uingereza walikuwa wamekubaliana na serikali kwamba mkopaji ambaye hajachelewa kulipa anaweza kuongezewa muda wa mkopo, au kulipa riba peke yake kwa miezi sita, bila kuharibu rekodi yake. Tuliomba muda uongezwe kutoka miaka 28 iliyobaki mpaka 35. Marejesho yakashuka kutoka 1,010 mpaka 931.

Nafuu hiyo si ya bure. Kama riba ingebaki ileile mpaka mwisho, miaka 28 ingetugharimu jumla ya pauni 339,000 na ushee, na miaka 35 karibu 391,000. Yaani kupunguza pauni 79 kwa mwezi kungetula zaidi ya pauni 51,000. Ni kama dawa ya maumivu: inakusaidia kulala, haiponyi jino.

Bado zilipungua pauni 257 kila mwezi. Mume wangu akachukua zamu za Jumamosi. Zilizobaki zilikuwa Tanga.

Nilikaa siku nne bila kumpigia mama. Siku ya tano nikapiga, nikamweleza kila kitu, paa la mkopo, barua, mimba, na kwamba badala ya pauni 250 nitaweza 80 tu, za dawa na chakula. Nilitegemea kimya. Mama akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kukohoa, akasema, "Kuta zisizo na lipu hazimwui mtu, mwanangu. Deni ndilo linaloua. Ungeniambia tangu mwanzo, ningeweka turubai."

Ningeweka turubai! Mwaka mzima na nusu nilikuwa nabeba paa kichwani, na mwenye nyumba alikuwa tayari kwa turubai.

Mtoto wetu wa pili alizaliwa Januari 2024. Hatukuchelewa malipo hata mwezi mmoja, ingawa kuna miezi tulibaki na pauni 12. Miaka miwili ile tulilipa zaidi ya pauni 22,000, na deni likapungua kwa pauni 3,300 tu. Nyingine yote ilikuwa riba. Wahenga hawakukosea: kukopa harusi, kulipa matanga.

Oktoba 2025 kipindi kiliisha tena. Riba ya Benki Kuu ilikuwa imeshuka mpaka asilimia 4, nasi tukapata mpango wa asilimia 4.3. Badala ya kufurahia marejesho madogo, tulirudisha muda ulipokuwa mwanzo, miaka 26, ili tumalize 2051 kama tulivyopanga siku ya kwanza. Tunalipa pauni 895. Na safari hii tumefunga kwa miaka mitano.

Maswali ya kujiuliza

Kwa hiyo ninunue au nijenge? Siwezi kukuchagulia. Ninachoweza ni kukupa maswali ambayo ningependa mtu angeniuliza mimi 2021. Yajibu kwa maandishi, na mwenza wako akiwepo.

Marejesho yakipanda kwa nusu, mtaweza? Chukua kiasi unachoambiwa leo, ongeza nusu yake, kisha jaribu kuweka akiba tofauti kwa miezi sita. Ukishindwa akiba, utashindwa deni.

Kipato kimoja kikikatika kwa miezi mitatu, mtalipa na nini? Kama jibu ni "Mungu atajalia", Mungu hajalii bila ya wewe kuweka akiba.

Riba imefungwa mpaka lini, na tarehe hiyo itakukuta katika hali gani ya maisha? Iandike kwenye kalenda. Anza kutafuta mpango mpya miezi sita kabla.

Ni nani wanakula kutokana na mshahara wako, huku na nyumbani? Waandike kwa majina. Kisha waambie ukweli kuhusu unachoweza.

Na la mwisho: kuna deni lolote ambalo mtu unayelala naye kitanda kimoja halijui?

Kama lipo, usisubiri mshauri wa mikopo aulize. Sema leo, hata kama ni kwa sauti ndogo. Na ukishaona dalili kwamba mwezi ujao hutaweza kulipa, mpigie mkopeshaji kabla ya tarehe, si baada. Kama ilivyo wodini, anayekuja mapema hupewa dawa. Anayechelewa hupelekwa chumba cha upasuaji.

Nyumba ya mama Tanga ina paa zuri. Kuta bado hazina lipu. Mkopo wa paa unakwisha mwakani 2027, na tumekubaliana, mume wangu na mimi na mama mwenyewe kwa simu, kwamba lipu itaanza mwezi unaofuata. Safari hii kwa fedha taslimu, na mume wangu ndiye atakayezungumza na fundi.

Mungu akipenda tukutane mwezi ujao. Tutarudi kwenye shinikizo la damu, lile la kawaida.